Mtu Hufanya Nini na Siku Nzima?

Riyadh, Ijumaa, 5 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Habari za Jeddah? Mgongo unaendeleaje, na joto la huko limepungua? Mimi sijambo, ila pua imekauka kwa AC. Nakuandikia badala ya kukutumia sauti, maana uliniambia Sitti, yule bibi kizee unayemtunza, akisikia mtu anaongea kwenye simu yako anataka mgeni akaribishwe ndani.

Sasa sikia maajabu. Wiki jana madam aliniita sebuleni, nikajua nimevunja kitu. Kumbe alikuwa anasoma kanuni za serikali za wafanyakazi wa nyumbani, hata sisi tunaotunza wazee: kila wiki siku moja ya kupumzika, na mshahara haukatwi. “Ijumaa ni yako,” akasema. Leo ndiyo Ijumaa yangu ya kwanza. Baba Mzee ninayemtunza yuko na mwanawe. Mimi nimeoga, nimevaa gauni la kanisani, nikakaa kitandani. Nikapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi, nikakaa tena. Shangazi, mtu hufanya nini na siku nzima?

Jingine. Mkataba wangu unaisha Desemba na narudi Kisii moja kwa moja. Novemba, likizo ya shule, bosi na familia wanakuja Jeddah na mimi nitakuja nao. Miaka sita tuko nchi moja na hatujaonana hata kwa dirisha la gari. Tafadhali omba Ijumaa yako. Twende tukaione bahari, mimi na wewe tu.

Mwanao,
Kemunto

Al-Baghdadiyah, Jeddah, 14 Septemba 2025

Kemunto mwanangu,

Nashukuru kwa kunijulia hali. Mimi mzima, na mgongo ni ule ule, tumezoeana. Nyumbani pia ni salama. Rosebellah, anayemtunza bibi yako, anasema mama anakula vizuri, ila dawa anazitema akidhani haonekani.

Nilicheka hadi madam akaja kuchungulia jikoni. Gauni la kanisani siku ya Ijumaa, na sisi ni watu wa Sabato!

Hiyo siku hata mimi nilitajiwa, tena zaidi ya mara moja. Nilimwambia madam mafi, sitaki. Usishangae. Sitti hajui tena jina la mwanawe mwenyewe, lakini mkono wangu anaujua. Akilala namfunga leso kwenye kiganja, ncha ya pili najifunga mimi, akiinuka nainuka naye. Nikitoka nani ataishika hiyo ncha? Wajukuu na simu zao? Wewe njoo hapa nyumbani, tutakunywa chai jikoni, Sitti akiwa pembeni. Bahari naiona tukimpeleka hospitali, inatosha.

Shangazi yako,
Pauline

Riyadh, Ijumaa, 19 Septemba 2025

Shangazi yangu mkaidi (usinikasirikie),

Salamu nyingi, na kwa Sitti pia. Leo nimetoka! Nilienda mtaa wa Batha kwa basi, nikapotea, nikaulizia njia kwa Kiarabu changu cha jikoni, nikaishia kwenye duka lenye unga wa ugali. Kufika alasiri ndipo nikagundua hakuna mtu aliyeniita jina tangu asubuhi. Nilishtuka kidogo. Kisha nikaona tamu.

Nina maswali. Umewahi kumwacha Sitti hata nusu siku, ukaona itakuwaje? Unaogopa ataanguka, au kuna kingine?

Tena leo kwa kuwa nilikuwa na nafasi niliongea na Rosebellah mpaka simu ikapata moto. Kwenye video nilimwona amekaa chini kando ya kitanda cha bibi, leso kwenye mkono wake. Anasema wewe ndiwe uliyemfundisha kwa video. Nikajiuliza, huyu hupumzika siku gani? Mimi na wewe ndio tuliomwajiri, na mimi sijui. Wewe unajua?

Mwanao,
Kemunto

Riyadh, Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Shangazi,

U mzima kweli? Naona ujumbe wangu umeusoma, na jibu sijapata. Nimemuuliza Rosebellah, anasema ulimpigia mara moja mkaongea kwa muda mrefu, lakini hataki kuniambia mliongea nini. Kama nilivuka mpaka nisamehe. Si kwamba nilikuwa nakusuta, nilitaka kujua tu.

Tunafika Jeddah wiki ya mwisho ya Novemba. Chai ya jikoni pia naikubali, bora nikuone.

Mwanao,
Kemunto

Jeddah, 8 Novemba 2025

Kemunto mwanangu,

Natumai hujakonda kwa mawazo. Mimi mzima na sina hasira na wewe. Swali lako halikuniacha.

Nilimpigia Rosebellah, nikamuuliza hupumzika siku gani. Alicheka! “Siku ya kupumzika, Mama? Kwani mimi niko Saudia?” Na sheria ya kwetu inasema hivyo hivyo, siku moja kwa wiki, ila nani huikumbuka mbele ya mtu anayemwogeshea mama yake? Nikamuuliza, ukipewa Sabato nzima utafanya nini? Akasema angeenda kanisani na watoto wake, akae mbele, aondoke wa mwisho.

Sasa ningempaje kitu ambacho mimi mwenyewe nakikimbia? Ulitaka kujua kama kuna kingine ninachoogopa. Kipo. Naogopa nirudi nikute Sitti hakunikosa.

Nikamwambia madam nataka Ijumaa. Usicheke. Ya kwanza nilitoka hadi Corniche, kando ya bahari, nikatafuta kivuli, nikatoa chai na tende, halafu nikageuza kile kiti cha magurudumu ili Sitti asipigwe na jua. Ndiyo, nilikuwa nimemchukua! Hata sikufikiri, nilimvalisha abaya yake nikamsukuma kama tunaenda kliniki. Dereva alipeleka habari zetu nyumbani. Madam alicheka mpaka akashika ukuta. “Halas, Pauline! Hii siyo siku ya kupumzika. Wiki ijayo unatoka peke yako, yalla.”

Jana nikatoka peke yangu. Mikono sikujua niiweke wapi. Nilirudi mapema, nikamkuta Sitti amekula wali, amelala, na ile leso amefungwa na mjukuu wake wa kike, yule yule wa simu. Hakuwa ameniulizia hata kidogo. Niliingia chumbani kwangu nikalia sana. Nilipomaliza kulia nilikuwa nimelala, nikaamka leo asubuhi bila mgongo kuuma.

Njoo Ijumaa ya tarehe ishirini na nane. Nitakungoja Corniche, na sitasukuma mtu.

Na Sabato ya Rosebellah nimeshaipangia mtu: baba yako. Nimempigia. Anasema yeye ni mwanaume, hajui kumtunza mama mzee. Nimemjibu, kaka, leso ina ncha mbili kwa kila mtu.

Shangazi yako,
Pauline

Kisii, 18 Januari 2026

Shangazi mpendwa,

Huku sote tuko wazima, mvua imetuachia tope, na bibi anakusalimu ingawa amekuita jina la dada yake. Picha yetu ya Corniche nimeiweka juu ya redio. Kila anayeingia anauliza kwa nini tumesimama mikono mitupu namna hiyo, nami nacheka tu.

Jana ilikuwa Sabato ya kwanza ya Rosebellah. Baba alifika alfajiri amevaa koti, kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilitaka kumsaidia akanikataza, akasema Pauline atasikia. Uji ulimwagika, shati akabadilisha. Mchana nilichungulia nikawakuta wote wawili wamelala, yeye kwenye kiti, leso ikiwa imezungushwa mkononi mwake mara nne hivi, fundo la kufungia ng'ombe.

Rosebellah alirudi jua likiwa bado juu kabisa. Nilimkuta nje ya lango amesimama na viatu vya kanisani, haingii wala haondoki. Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Ameniulizia?”

Shangazi, nilikukumbuka wewe. Nilitamani kumdanganya. Lakini nikamwambia ukweli, kwamba bibi hajamtaja tangu asubuhi.

Akaingia, akachungulia dirishani, akamwona baba na lile fundo lake, akacheka hadi akajishika mbavu.

“Basi Sabato ijayo,” akasema, “nitachelewa kurudi.”

Mwanao,
Kemunto