Siku ya Tatu Hifadhidata Zimenigomea

Jumatano, Kiomboi. Upepo wa kipupwe unavuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta. Nimeamka na hasira.

Nisijidanganye. Si hasira, ni woga. Keshokutwa, Ijumaa, sura ya pili ya tasnifu yangu inatakiwa iwe kwa msimamizi. Nimeshaahirisha mara mbili. Safari hii ameniandikia sentensi moja tu: isipofika, utetezi wako unasogea mwakani. Na mwakani sina ruhusa ya masomo. Nitakuwa nimerudi kwenye pikipiki ya ofisi ya mifugo, nachanja kuku, na shahada ndiyo basi tena.

Sura yenyewe nimeshaiandika. Kinachokosekana ni marejeo. Ninaandika kuhusu kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kienyeji banda zima, na kila ninachodai lazima nionyeshe nani alikisema kabla yangu. Kazi hiyo naifanya kwa programu ya marejeo: naandika neno, inaingia kwenye hifadhidata ambazo chuo kimejiunga nazo, inaniletea makala na majina ya waandishi yamepangwa vizuri. Tangu Jumatatu inaniambia kitu kimoja: imeshindikana kuunganisha.

Siku tatu!

Jumatatu nililaumu mtandao. Nikanunua bando la kampuni nyingine, nikapanda na kompyuta kwenye mawe ya nyuma ya nyumba kutafuta mnara. Mtandao ukawa mzuri, programu ikagoma vilevile. Jana nikaifuta, nikaiweka upya, nikabadili neno la siri, nikazima kinga ya virusi. Wapi! Kilichonichanganya ni kwamba hifadhidata za bure zilifunguka bila shida. Za chuo tu ndizo zilinifungia mlango.

Basi nikaamua kosa ni la chuo. Nikampigia Neema, mkutubi anayetuhudumia sisi tunaosoma kwa mbali, nikamsomea ule ujumbe, kisha nikamwambia mambo ambayo leo naona aibu kuyaandika. Kwamba wanatusahau watu wa mikoani. Kwamba wao wamekaa tu kwenye viyoyozi. Nilipomaliza akasema, "Pole dada. Hapo umenisomea mstari wa kwanza tu. Bonyeza penye maelezo, unisomee mpaka chini."

Nikamkatia simu.

Leo asubuhi, baada ya kumpa mama uji, nikakaa nikajiapiza kwamba siinuki mpaka kieleweke. Nikabonyeza penye maelezo. Nikasoma mstari kwa mstari, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Chini kabisa pameandikwa: saa ya kompyuta yako hailingani na saa ya seva.

Nikatazama pembeni mwa kioo: mbili na dakika kumi. Nikatazama nje. Ni kweli, ni saa mbili asubuhi, jua hilo hapo. Sasa shida iko wapi? Nilikaa dakika nzima kabla akili haijanirudia. Saa mbili yetu, kompyuta inatakiwa iandike nane.

Na aliyeiandikia mbili ni mimi.

Wiki mbili zilizopita kitochi cha mama, kile kisimu chake cha vitufe, kilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Mama ana presha, anakunywa dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na mambo ya kuondoa sita hayataki kabisa. Akiona nane, kwake ni saa nane. Kitochi chake nilikuwa nimekiweka kwa saa ya Kiswahili, kama watu wengi huku wanavyofanya. Kwa kuwa kompyuta inashinda mezani, nikairudisha nayo nyuma saa sita, kwa mkono wangu, ili mama asikosee dawa. Nikasahau, maana wiki hizo mbili nilikuwa naandika tu, programu ya marejeo sikuigusa mpaka Jumatatu. Kumbe kila mara chuo kiliponipa ruhusa ya kuingia, kompyuta yangu iliona ni ruhusa ya saa sita zijazo, ikaikataa.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuangalia. Nikarekebisha saa mbele yake. Akaona nane, akanuna. "Sasa ndiyo umeniharibia saa yangu." Nikamwambia, mama nisamehe, dawa nitakukumbusha mwenyewe mpaka nikupatie kitochi kingine. Akasema ataona.

Nikaandika: kideri. Makala zikamiminika, Mungu wangu, mpaka nikapiga makofi. Kufika alasiri kila dai lilikuwa na mwenyewe. Nimeshaituma sura, siku mbili kabla ya Ijumaa. Msimamizi amejibu: imefika.

Kabla sijafunga, nikajaribu kitu. Nikaandika kideri, na mbele yake jina la kata yetu. Programu ikatafuta kila mahali. Hakuna matokeo. Nikakagua mtandao, nikakagua saa, nikarudia. Kila kitu kimeunganishwa sawasawa. Ni kwamba hakuna aliyeandika. Kuku wa kina mama wa hapa wanakufa kila mwaka, na huko kote hatuna hata mstari mmoja.

Imeniuma kuliko siku zote tatu.

Asubuhi nitampigia Neema nimwombe radhi, na safari hii sitakata mimi kwanza. Kisha naanza sura ya tatu, ya kuku wa kata yetu. Atakayetafuta maneno hayo baada yangu atakuta jina langu.