Kigari cha Gofu Kisichovuja

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo huko uliko. Jana alipita hapa nyumbani fundi mmoja wa kuchomelea kutoka Mbinga. Akaiona sakafu ya kile kigari chako pale uani, akaizunguka, akaigonga, kisha akaniambia, "Mama, nikutobolee tundu hapa pembeni, maji yapate pa kutokea?" Nilimkatalia kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika! Baadaye nikacheka peke yangu hadi machozi, nikaona bora nikuandikie wewe, maana ndiwe mwenye kesi.

Unakumbuka kilivyokuja? Zile enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa kila gulio, misheni nayo ikaletewa shehena ya misaada. Vitanda, makoti mazito, na katikati yake kigari cha gofu. Gofu yenyewe nani aliijua huku ufukweni mwa ziwa? Wakakifanya cha kubebea samaki wa chumvi. Kutu ikaila sakafu mpaka ukikaa kwenye kiti unaona ardhi inapita chini ya miguu, wakakitupa nyuma ya jiko na injini yake nzima.

Halafu mimi nikapata mchumba wa Matiri. Bibi, mama yako, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alifurahi kuliko mimi. Tangu siku ya posa akaniita mke mwenza, akamwita mchumba wangu mume wake, kama bibi zetu wanavyotutania. Lakini miguu ilikuwa imeshamkataa, na kanisa liko kilimani. Vijana walipojitolea kumpandisha kwa machela, aliwaka.

"Machela ni ya wagonjwa na maiti! Mimi naenda kwa mume wangu. Kama ni machela, nabaki hapa na paka."

Hakuwa anatania. Nililia siku nzima, maana harusi bila Bibi mimi sikuitaka.

Wewe ukaja unanuka lami, ukasema, "Nyamaza, mpwa. Ninayeziba mitumbwi nitashindwa na kigari?"

Ee Mjomba, ulivyojitwika ile kazi! Ulikisugua kwa brashi ya waya mpaka ukawa mwekundu kope na ndevu. Uligonga sakafu kwa nyundo huku umeinamisha sikio, ukinifundisha kwamba bati zima linalia na bovu linanyamaza. Mabovu yote ukayakata kwa patasi, ukapasua pipa la mafuta, ukalinyoosha, ukapigilia viraka juu ya lami kama unavyofanya kwenye mitumbwi. Mwisho ukapaka rangi ya kuzuia kutu. Kwenye kona ukakuta matundu madogo ya kiwandani, ukashangaa: "Hawa nao, wanaundaje chombo chenye matundu?" Ukayaziba yote!

Kisha ukafanya lile jaribio lenu mafundi wa ziwani. Ukajaza maji ndoo kwa ndoo, ukalala chali uvunguni kutazama. "Hata tone!" ukapiga kelele. Tukakushangilia wote, na Bibi akapiga vigelegele. Maji tukayachota kwa kata. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini tunachota.

Jumamosi ile baada ya Pasaka mvua ikaja na hasira zake. Paa la turubai la kigari lilikuwa limeoza zamani. Mimi nilikuwa nimeshatangulia, nimesimama mlangoni pa kanisa na bwana harusi, roho juu, nasikia injini inakohoa kilimani. Mkatokea. Wewe na suti yako ya mtumba umeng'ang'ania usukani, Bibi pembeni chini ya mwavuli, mkavu kichwani, na maji yamemfika juu ya vifundo. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vinaelea! Ukashuka, umeinamisha uso, hutaki kumtazama mtu.

Bibi akanyoosha mikono. "Mume wangu, njoo unitoe ziwani!"

Bwana harusi akaenda mbio, akamnyanyua mikononi, akapita naye katikati ya kanisa huku miguu yake inachuruzika. Watu wakalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mimi nikafuata nyuma, nimebeba viatu.

"Si ulikataa kubebwa?" nikamnong'oneza.

"Kubebwa na mume ni machela?"

Nawakumbuka, Mjomba, wewe na yeye. Siku nyingine nawakumbuka mpaka naumwa, hasa nikikuta lami inachemshwa pale ufukweni. Kigari kilikufa, injini ikauzwa chuma chakavu, lakini sakafu niliwakatalia. Viraka vyako bado vimeshika, na kutu imezunguka pembeni bila kupata mlango.

Yule fundi alikuwa hajui jambo moja. Mwanangu amepata binti, tumempa jina la Bibi. Asubuhi ya leo nilimimina maji ya vuguvugu kwenye sakafu yako nikamtia humo. Alipiga maji kwa viganja, akanilowesha kanga yote, akacheka kicheko kilekile cha Bibi. Mume wangu akaja kumtoa, na katoto kakamnyooshea mikono.

Nikainama kutazama chini. Hata tone, Mjomba.

Pumzika salama, fundi wetu.

Ni mimi mpwa wako, mke mwenza wa mama yako.