Shimo la Mususa

Butembo, Mususa, 9 Machi 2025

Mwanangu Sikuli,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, ila goti langu la kushoto linalia kila mvua inapokuja, na Butembo unaijua. Wewe je? Mwili unasemaje huko Martiniki? Unakula? Dada yako Kanyere ndiye atakayeipiga picha barua hii na kukutumia kwa simu, kwa hiyo usinijibu mambo ya aibu.

Miaka miwili sijakuandikia, na sababu unaijua. Siku ulipoondoka ulisimama mbele ya majirani ukasema shimo langu la kuchachushia ni la washenzi. Sijasahau. Lakini leo hasira naiweka pembeni, nina shida.

Inspecteur mmoja wa kukagua pombe, Zacharie, ametumwa Beni kutoka Kinshasa. Alikuja hapa, akaonja rhum yangu, akatema. "Mama, hii hapana rhum. Rhum iko noire, nyeusi kabisa, inatoka ku mélasse. Hii ni lutuku tu, na lutuku inakatazwa." Nikamwambia si pombe ya mihogo, ni maji ya miwa, nimeyatonesha mara mbili. Hakusikia. Amenipa mpaka tarehe 30 Septemba nipeleke chupa na maelezo kwenye bureau yake. Nikishindwa, watauvunja mtungi wa shaba wa kutoneshea, ule ulioulehemu kwa mikono yako, ule uliowasomesha ninyi wote wanne.

Wewe unatengeneza mitungi ya viwanda vya rhum. Niambie basi, rhum ni nini?

Mama yako,
Kavugho

Martiniki, 2 Aprili 2025

Mama mpenzi,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mimi ni mzima na ninakula, ingawa fufu huku ni ya kutafuta. Goti lipake mafuta, tena usichote maji mwenyewe. Na lile neno la shimo, Mama, nilikosa. Sina la kujitetea.

Huyo inspecteur anajua nusu tu. Hapa Martiniki wanakamua miwa mibichi kama wewe, wanaichachusha siku mbili tatu, wanatonesha. Inatoka nyeupe, ina harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi. Mélasse, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, hawaigusi, na sheria yao inaiita rhum. Kazi imenifikisha Guyana pia: huko ni mélasse, na baadhi ya mitungi ni ya mbao, ya zamani sana. Rhum yao ni nzito. Watu wa Kuba wanaipenda nyepesi, wanaichuja kwa makaa.

Kuhusu weusi, mwambie hivi: hakuna mtungi duniani unaotoa rhum nyeusi. Rangi inatoka kwenye pipa la mti, au kwenye sukari ya kuunguzwa. Mwezi wa saba natumwa Jamaika, nikiona kitu nitakuandikia.

Mtoto wako,
Sikuli

Butembo, 20 Julai 2025

Mwanangu,

Umeamkaje? Goti limepoa, asante. Moyo ndio haujapoa.

Nimefanya ujinga. Niliposoma kwamba wazungu wa Martiniki wanamaliza kwa siku mbili tatu, nikataka kufanana nao. Shimo nikalifunika kwa mbao. Majani ya migomba nikayatupa. Hata ile konzi ya mtama wa kukaanga, ambayo mama yangu alinifundisha kuitia kama kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, nikaiacha. Nikanunua mabeseni mapya. Lakini Butembo ni baridi, Sikuli. Maji ya miwa yalikaa yakanitazama. Nilichotonesha hakina harufu wala nguvu.

Vagheni, yule wa hoteli ya Beni anayechukua chupa zangu tangu zamani, alirudisha zote. "Mama Kavugho," akasema, "hii ya leo ni nani alitengeneza?" Kwa haya nikamrudishia pesa yake.

Miwa niliyobaki nayo inatosha mpiko mmoja tu. Safari hii nifuate njia ya wapi?

Mama yako

Jamaika, 28 Julai 2025

Mama,

Natumaini uko salama, na salamu kwa Kanyere. Kaa chini kabla hujasoma.

Jana nilikuwa nalehemu bomba nyuma ya kiwanda kimoja. Nikasikia harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, ile ya uani kwetu. Nikaifuata. Mama, ni shimo. Shimo ardhini, wanamwagamo masalio ya mtungi baada ya kutonesha, kisha wanayatia kidogo kwenye mélasse inayochachuka, na wanaiacha majuma mazima. Wenyewe wanasema bila shimo hilo rhum yao ingekuwa kama ya watu wengine. Nilisimama pale na miwani ya kulehemu mkononi, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuona wewe.

Mwenzangu wa kazi, mtu wa Brazili, anasema vijijini kwao wanaamsha maji ya miwa kwa unga wa mahindi. Mtama wako na mahindi yao ni ndugu. Kila mahali wanafuata hali ya hewa yao na mkono wa mama zao.

Usifuate ya mtu. Fungua shimo. Padri Malachie, aliyepita huku, atashuka uwanja wa ndege wa Rughenda mwezi wa tisa, nimempa chupa nne ndogo: Martiniki, Guyana, Kuba, Jamaika. Nenda nazo Beni.

Mtoto wako,
Sikuli

Jamaika, 6 Oktoba 2025

Mama,

Tarehe 30 imepita. Kanyere hashiki simu. Kama wameuvunja mtungi, niambie tu, nitalehemu mwingine. Mimi ni mzima lakini silali vizuri.

Sikuli

Butembo, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Sikuli,

Pole kwa kungoja. Simu ya Kanyere ilianguka njiani, na mimi sikutaka kukuandikia kabla ya muhuri.

Nilifungua shimo, nikatandika majani mapya, nikatia mtama. Siku kumi na moja. Nyumba nzima ilinukia, majirani wakaanza kupita pasipo sababu.

Beni nilipanga glasi tano mezani, chupa nikazificha chini ya kitenge. Zacharie akaonja ya Martiniki, akakunja uso. "Hii ni lutuku yako, Mama." Nikamwonyesha chupa. Akasoma, akavuta glasi nyingine. Ya Jamaika akasema, "Bon, basi hii ndiyo ya kwako." Nikamwonyesha. Watu wa bureau walikuwa wamesimama mlangoni. Ya tano akainywa polepole, akasogeza glasi nimwongezee. "Na hii inatoka inchi gani?"

"Mu Mususa," nikasema, "ku shimo yangu."

Alicheka, mwanangu, tena kwa moyo safi. Akachukua karatasi, akaandika mwenyewe: rhum nyeupe ya Butembo, maji ya miwa, mtama, inachachushwa shimoni. Akapiga muhuri. Nililia mbele yao na sikuona haya. Vagheni ameomba chupa mara mbili ya zamani, na shimo moja halitoshi tena.

Kwa hiyo omba likizo. La pili utalichimba wewe, mchana, majirani wakiangalia. Jembe lako liko bado nyuma ya mlango.

Mama yako,
Kavugho