Mwaka Bila Mwalimu Sura

Ni mwaka mzima sasa, mpendwa wetu, tangu asubuhi ile ulipomwambia mumeo, Fundi, kwamba kichwa kinakugonga kidogo, kitatulia ukifika darasani. Hakikutulia. Saa sita mchana walimu wenzako walikukimbiza hospitali, na kabla jua halijazama tulikuwa tumekupoteza.

Jina la Mwalimu Sura ulipewa na watoto wa chekechea. Wageni walidhani unapenda sura za vitabu. Kumbe ulikuwa ukifungua hadithi, hata ukurasa wa pili hufiki, unaweka kidole kwenye uso wa mnyama aliyechorwa na kuuliza, "Mtazameni sura. Anajisikiaje?" Darasa linalipuka.

"Amekasirika!"

"Hapana, anaona wivu!"

"Ana njaa tu huyo!"

Ulicheka mpaka ukajipaka chaki usoni kwa kufuta machozi.

Kulikuwa na mmoja aliyewang'ata wenzake kila siku. Wengine walimchapa, wewe ulimtungia kitabu. Ulichora nungunungu aliyepata mdogo wake, akawa anasimamisha miiba kila mtu akimkaribia, ukakishona kwa uzi wa viatu. Baada ya wiki chache mng'ataji akawa anakuvuta sketi: "Mwalimu, nina hasira. Nisomee ya nungunungu."

Tungependa kukuambia kwamba kona yako ya vitabu bado ipo. Haipo. Shuleni waliona watoto wajue herufi kwanza, mambo ya hisia watayajua wakikua. Fundi alikwenda kuvichukua vitabu, akavikuta stoo ndani ya boksi la sabuni, nusu vimeliwa na ukungu. Alivianika uani kimoja kimoja, kwa uangalifu kama anaanika vifaranga. Vilipona kumi na kimoja, na cha nungunungu kimo.

Jioni hiyo alimwita Bibie, binti yenu, akamsomea. Unamjua mumeo: majokofu anayafahamu mpaka mishipa, lakini hadithi aliisoma kama maelekezo ya mashine. Bibie alimvumilia. Walipofika pale nungunungu amebaki peke yake chini ya kitanda, mtoto akamzuia asifunue.

"Huyu ana huzuni," alisema. Kisha akamwangalia. "Na wewe, baba, unajisikiaje?"

Fundi alitutolea siri hii baadaye, na tunakuletea kama alivyotuambia. Aliona akisema kweli atalia, na kilio chake kitamtisha mtoto. Akasema, "Mimi? Mimi niko sawa."

"Basi na huyu yuko sawa," Bibie akasema, akafunga kitabu.

Tangu siku ile hataki kusomewa. Dada yako alijaribu, mama yako alijaribu. Tukimwonyesha simba analia, yuko sawa. Tukimwonyesha sungura anatetemeka, yuko sawa. Fundi alirudi kumwomba radhi, akamwambia, "Mwanangu, nilikudanganya. Baba ana huzuni sana." Bibie akampigapiga mgongoni, akamjibu kwa upole, "Usijali, baba. Itaisha." Sauti ilikuwa ya mtu mzima. Ana miaka sita.

Miezi mitatu iliyopita alibanwa kidole gumba na mlango wa darasa la chekechea. Hakulia, wala hakumwambia mtu. Mama yako ndiye aliyekiona siku ya pili, alipokuwa akimwogesha: ukucha mweusi, kidole kimevimba.

"Kwa nini hukulia, mjukuu wangu?"

"Nikilia, baba atachoka."

Fundi alikuwa mlangoni ameshika taulo. Alimfunga mtoto taulo, akambeba mpaka zahanati, akambeba kumrudisha. Siku iliyofuata hakufungua karakana.

Wengi wanatuambia muda utatuponya. Huenda muda umewaponya wengine. Sisi tunaona tu mtoto wako anazidi kujifunga, nasi tumesimama nje tunabisha hodi. Wewe ndiye uliyejua namna ya kuingia, na hatukuwahi kukuuliza ulifanyaje, kwa sababu tulijua upo.

Mwezi huu ameanza darasa la kwanza. Ripoti yake ya kwanza imekuja, na mwalimu ameandika: "Mtoto mtulivu sana, hana usumbufu wowote." Fundi aliisoma, akampa mama yako, naye akampa dada yako. Hakuna aliyeweza kumpongeza.

Unakumbukwa na mumeo Fundi, binti yako Bibie, mama yako mzazi, dada yako mshonaji, mashemeji zako na watoto wote uliowahi kuwasomea.

Hatutakusahau kamwe, siku zote tutakazobakia hapa bila wewe.