Povu la Nanasi

Jumanne, 1 Agosti 1995

Miaka ishirini na moja tangu nitoke Majita. Leo asubuhi nimemenya mananasi matatu na kuyatoa macho kwa ncha ya kisu, mstari kwa mstari. Ndizi mbivu mbili. Pasheni sita, mbegu nimechuja. Tui jepesi la nazi. Nazi zinakuja na treni kutoka pwani, siku hizi sokoni zimejaa. Kipande cha tangawizi. Maji ya kuchemsha, yaliyopoa. Vyote ndani ya brenda.

Brenda ni ya binti yangu Tabitha. Kainunua mjini, katika duka ambalo miaka kumi iliyopita lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Sasa kila kitu ruksa. Mashine inapiga kelele kama injini ya mtumbwi, kisha juisi inatoka nene, ya njano, na povu jembamba linalozimika upesi. Majirani wa hapa Mabatini wanaisifu. Hakuna kileo ndani yake. Sijaonja kileo maisha yangu yote. Naandika hili ingawa hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 3 Agosti

Mama Neema, jirani wa ukuta mmoja, amekuja na shikamoo mbili. Nikajua ana shida. Binti yake Neema anaagwa Jumapili, tarehe ishirini. Ni nyumba ya watu wa kanisa, bia haiingii. Kamati imeamua vinywaji vyote viwe juisi yangu. Wageni kama mia. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mtu mstaafu hufurahi kutumwa.

Jumamosi, 5 Agosti

Kikao cha kamati. Katibu akasoma majina ya wageni wa upande wa bwana harusi. Wanatoka Majita. Mkuu wa msafara: Mzee Magesa, mzee wa kanisa, baba mkubwa wa kijana.

Sikusikia majina mengine. Mama Neema aliniuliza mara mbili kama ndoo sita zitatosha.

Magesa. Yu hai basi.

Jumapili, 6 Agosti

Nimeshindwa kwenda ibadani. Niandike mambo yalivyokuwa, mara moja, bila kuongeza.

Mwaka sabini na nne nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mzee wa kanisa pamoja na Magesa. Nyumba zetu zilitazamana. Yangu ilikuwa upande wa maji, na shamba la mananasi liliteremka kutoka kwenye kaburi la mama yangu hadi kwenye mchanga. Marehemu mke wangu alipenda nanasi lililopondwa na kupekechwa na ndizi. Nilikuwa nikilipekecha mwenyewe kwenye chungu, kwa upekecho, mpaka povu lipande. Asubuhi moja Magesa aliingia kuazima jembe. Akaona chungu. Akaona povu. Akatoka bila jembe.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya wazee akasema ameshuhudia kwa macho yake: Mwalimu Bwire anapika pombe nyumbani. Hakuna aliyeonja. Hakuna aliyeomba kuonja. Jina langu likafutwa kwenye kitabu cha kanisa. Ndiyo ilikuwa miezi ya kugawa viwanja vya kijiji kipya. Nikaambiwa mpika pombe hawezi kukaa jirani na shule. Nikaomba uhamisho, nikaletwa Mwanza. Kiwanja, nyumba na shamba akapewa Magesa.

Mke wangu amezikwa hapa, sio kwao. Hilo pia liko kwenye hesabu yake.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimeamua. Alisema napika pombe. Basi nitampikia.

Maganda ya nanasi, vipande, sukari, maji ya vuguvugu. Kwenye chungu, kitambaa juu, nyuma ya mlango wa stoo. Nitampa yeye peke yake, kwenye jagi la meza kuu, nikificha ukali kwa tangawizi. Mzee wa kanisa aondoke kwa wakwe akiwa ameshikwa mikono miwili. Nataka nione akiyumba. Nataka wakwe waone.

Nimelala usingizi mzuri mchana.

Alhamisi, 10 Agosti

Chungu kinanong'ona. Nimeinama kukisikiliza kama daktari.

Tabitha alirudi kazini mapema, akafuata harufu, akafunua kitambaa.

"Baba, kwa hiyo ilikuwa kweli?"

Alikuwa na miaka kumi na mbili tulipoondoka. Miaka yote hii nilidhani ananiamini. Labda aliniamini mpaka leo saa tisa alasiri. Nilimjibu kwa ukali. Hakula chakula cha jioni nami.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimemwaga. Chungu kizima, kwenye mtaro.

Swali la Tabitha limefanya nilichopaswa kukifanya mwenyewe kwa akili. Nikimpa Magesa pombe ya nanasi niliyoipika nyumbani kwangu, nimemfanya msema kweli. Ushahidi wake wa uongo, mimi ndiye ninayeukamilisha baada ya miaka ishirini na moja. Mzee mzima, mwalimu, nimesoma vitabu vyote hivi, na nilikuwa siku nne nikilipikia kosa ambalo sikulifanya.

Kuku wa Mama Neema waliyadonoa maganda. Mmoja alitembea kwa ubavu hadi jioni. Mama Neema anadhani ni ugonjwa wa kideri, amewanunulia dawa. Sijasema kitu.

Nimemweleza Tabitha yote. Akaosha chungu, akasema neno moja: "Povu." Kisha akacheka kidogo. Ni yeye aliyenipa wazo, ingawa hakujua anatoa wazo.

Jumatatu, 14 Agosti

Juisi itakuwa safi. Safi kuliko maji ya kubatizia. Lakini itakuwa na povu.

Nimefanya majaribio siku nzima. Tui la nazi linaua povu. Mafuta yake yanalizima. Kwa hiyo ndoo zote zitakuwa na tui, isipokuwa jagi la meza kuu. Hilo litakuwa nanasi tupu na ndizi nusu. Nanasi lisiive kupita kiasi. Brenda izunguke mpaka nihesabu mia mbili. Kumimina kutoka juu, mkono ukiwa umenyooka. Leo nimepata povu la vidole vinne, likasimama muda wa kusoma sura nzima ya kitabu.

Magesa hakuonja mwaka ule. Ninamjua. Ataangalia, atanusa, atasimama. Safari hii atasimama mbele ya watu ambao tayari wamekunywa.

Sijawahi kumwandalia mtu kinywaji kwa uangalifu namna hii. Hata mke wangu.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimekwenda stendi ya Buzuruga kuchagua mananasi kwa wachuuzi. Basi la Musoma likaingia. Akashuka Magesa.

Nilimtambua kwa mabega. Mengine yote yamebadilika. Fimbo, koti la mtumba linalomzidi, jogoo chini ya kwapa. Akanijia mimi, kati ya watu wote wale. "Mzee mwenzangu, Mabatini tunafikaje?" Hakunitambua. Nina ndevu nyeupe sasa, na miwani.

Nilimwelekeza njia sahihi. Hata nilimwonyesha upande wa kukaa kwenye daladala asipigwe jua. Nilitaka afike.

Jumapili, 20 Agosti

Naandika kabla jua halijazama, mikono bado inanuka nanasi.

Turubai uani kwa Mama Neema. Kwenye meza kuu mchungaji, Magesa kulia kwake, wazazi, na Neema katika gauni la bluu. Wageni walishapewa glasi mbili tatu kutoka kwenye ndoo. Nikaleta jagi la meza kuu mwenyewe. Nikamimina kutoka juu. Povu likapanda, likavuka ukingo wa glasi ya Magesa, likamdondokea mkononi. Nikarudi kusimama mlangoni pa jiko.

Mchungaji akanywa yake yote, akafuta povu kwenye sharubu, akajaza tena. Magesa hakunywa. Aliinua glasi, akaitazama dhidi ya mwanga. Akanusa. Akaiweka mezani kama mtu anayeweka nyoka. Akasimama na fimbo yake.

"Ndugu zangu, msinywe. Hii ni pombe. Pombe ya nanasi naijua, niliwahi kuikamata kwa macho yangu."

Kisha bibi yake Neema, mzee kuliko sote, akasema kutoka kwenye mkeka wake:

"Mzee Magesa, nimekunywa vikombe vitatu na bado nakuona mmoja. Nikianza kukuona wawili nitakuita."

Uani kote kicheko. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Bibi, ongeza cha nne tuhakikishe!" Mchungaji mwenyewe alikuwa akicheka mabega yakitikisika. Akampa Magesa glasi mkononi. "Mzee wetu, ni tunda tu. Onja."

Akaonja. Nilimwona koo likishuka na kupanda. Akaonja tena, taratibu, kama mtu anayesoma neno ambalo amekuwa akilisoma vibaya.

Nikatoka jikoni.

"Ni povu, Magesa," nikasema. "Hata mwaka ule lilikuwa povu."

"Bwire?"

"Ndiye."

Nikawaeleza watu, kwa sauti ya darasani, nimesimama wima. Sentensi nne au tano. Chungu, ushahidi, jina kufutwa, nyumba. Kicheko kilikufa. Magesa alikaa chini, na kwa muda hakuna aliyemtazama, hata wa msafara wake. Wapwa zake walikuwa wakitazama viatu vyao. Mshereheshaji akawasha kaseti haraka.

Nilifurahi. Naandika bila aibu: nilifurahi.

Kisha nikamwona Neema. Ilikuwa siku yake. Alikuwa akinitazama mimi, sio Magesa, na machozi yalikuwa yanamharibia poda.

Jumatatu, 21 Agosti

Magesa alikuja asubuhi, peke yake. Nilimpa kiti. Sikumpa kinywaji, naye hakutazamia.

Alisema hivi: "Mwalimu, mimi niliamini. Kwetu nyumbani baba alikuwa mlevi. Nilikua nikiona povu kwenye chungu, ndipo tunapigwa. Nilipoliona kwako sikuhitaji kuonja."

Nikamuuliza, "Na nyumba, uliamini pia?"

"Nyumba nilipewa."

"Ukaipokea."

"Nikaipokea."

Alisema amekwenda kwa Neema kuomba radhi, na kwamba nami niende. Ni kweli, inanipasa. Akaondoka kuwahi basi.

Nimekaa hapa tangu hapo nikifikiri. Miaka ishirini na moja nimemchukia mwongo. Nilimlisha chuki, nikamnenepesha, nikamjua kila mfupa. Lakini mwongo angejua kwamba mwaka ule ilikuwa juisi. Mwongo angekunywa jana, akanyamaza, akasalimika. Huyu alisimama mbele ya wakwe na kujiaibisha kwa moyo wote. Mtego wangu umemnasa, na papo hapo umemtetea. Aliamini. Alikuwa mjinga mwenye hofu, akaninyang'anya nyumba akiwa na dhamiri safi.

Sijui kumchukia mtu wa namna hiyo. Najaribu. Hasira ipo, inazunguka chumbani haina pa kukaa.

Jumanne, 22 Agosti

Nimekwenda kwa Neema. Nilimwambia niliitumia siku yake kwa shughuli yangu, na kwamba nilikosea. Akasema, "Mwalimu, ungetuambia tu. Tungemwita tukakaa." Haikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kuwaambia tu.

Jumatano, 30 Agosti

Barua kutoka Majita, imeletwa kwa mkono na kondakta wa basi. Wazee wa kanisa wamekaa. Magesa amesema mbele yao kwamba ushahidi wake haukuwa sahihi. Jina langu limeandikwa upya kitabuni. Yuko tayari kuhamia kwa mwanawe na kuniachia nyumba na shamba. Wananiomba nirudi. Mwandiko ni wa mtu niliyemfundisha kuandika. Herufi ya k bado anaipinda.

Nimeisoma mara tatu. Nilingoja kitu kianze kupanda kifuani. Hakikupanda.

Wanaonialika ni watoto wa wale walionyamaza. Wale wenyewe wameisha. Nikirudi nitakuwa mgeni anayeonyeshwa njia ya kwenda kwenye maji yake. Kaburi la mke wangu liko huku. Tabitha yuko huku. Nina miaka sitini na minane.

Nimeandika jibu, ukurasa mmoja. Nimewashukuru kwa jina langu. Nimesema Magesa abaki kwenye nyumba, ila kaburi la mama yangu upande wa juu wa shamba lifyekwe kila mwaka kabla ya mvua, na yeye mwenyewe asimamie. Nimetia sahihi.

Mvua ndogo imenyesha, vumbi la mtaa limetulia. Tabitha ameipeleka barua stendi.

Sitarudi Majita.