Majivu Usirudishe

Muthoki,

Nimeshavaa viatu, naandika nikiwa nimesimama. Naenda Sultan Hamud kumwambia Kiilu aje na pikapu akupeleke hospitali leo leo, udungwe sindano ya pepopunda.

Maji ya chumvi yako kwa sufuria, yamechemka. Yakipoa, nawa mikono na sabuni, uloweke kitambaa cha kidonda kwanza ndio ukitoe. Ukikivuta kikiwa kikavu utang'oa nyama mpya. Halafu funika na kile kisafi nimeanika nje. Na majivu usirudishe!

Asubuhi nilipokupokonya ile sahani ya majivu ulisema, "Baba, wewe unajua barabara tu. Udaktari ulisomea wapi?" Kweli, shule yangu ni ya vipande vipande. Lakini hii nilisomea nyumbani. Ndugu yangu Nzioka alikanyaga msumari kama wewe. Ni mimi nilishindilia majivu kwa hilo shimo nikafunga na leso. Siku ya tano juu kulikuwa kumekauka vizuri, nikamwambia mama amepona. Kumbe kidonda kinafaa kupona kutoka chini. Mpaka leo nikiona mtu akichota majivu jikoni, natoka nje.

~~Usiningoje.~~ Ningoje. Tutafika kabla ya saa nane.

Nzioka alikazwa taya na hiyo pepopunda, akafa siku ya tisa. Mama hakuniuliza kitu, na alikufa bila kuniuliza. Mimi nilishika barabara, na wewe ukalelewa bila mimi.

Ni mimi baba yako.