Ampli ya Papa Ushindi

Jumanne, 3 Juni 2014
Sanduku la Anselme limefika. Nimelichukua Mbarara, nikarudi nalo mapajani hadi hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi. Anselme alipiga gita pamoja na mume wangu Nehemiya kule Uvira. Leo yuko Ubelgiji. Barua yake inasema: ampli ya kukuza sauti ya gita, ya lampi za kioo, kama ile tuliyoiacha tukikimbia vita. Ila ni vipande tu — mtaijenga wenyewe.

Nehemiya alitengeneza redio miaka kumi na tano. Macho yake yakazimika mwaka juzi. Tangu hapo hajagusa gita. Amepapasa sanduku, akasema nilirudishe. Kisha akaenda kulala, jua bado liko juu.

Ijumaa, 6 Juni
Sikulirudisha. Nimepanga vyote juu ya meza yangu ya kushonea, nikasoma karatasi ya maelekezo kwa sauti. Kiingereza — nasoma kama mtu anayetafuna mawe. Mara mbili amenisahihisha toka kitandani. Mara ya tatu ameamka, akaja kukaa.

"Mama Ushindi, kamata kile kizito, transfoma. Iko na nyuzi ngapi?"

Tisa, nikamwambia. Akacheka kidogo: zote ziko. Ushindi, binti yetu, alisimama mlangoni na ndoo ya maji, hakuingia. Aliogopa kukikata kile kicheko.

Alhamisi, 12 Juni
Tunalehemu. Chuma tunakipasha kwenye makaa. Moshi wa risasi ya kulehemia unauma koo. Mimi mshonaji, mkono wangu hautetemeki. Nasoma mistari ya rangi kwenye vile vipande vidogo, yeye anajua kila rangi ni namba gani. Njano, zambarau, kahawia. Kila kiungo anakigonga kwa ukucha na kusikiliza kama kimeshika. Amekataa vinne! Nimekasirika, nikarudia. Vilikuwa vibaya kweli.

Jumatatu, 16 Juni
Tumegombana. Anataka kupapasa ndani ya ampli siku itakapowashwa. Na ni yeye aliyenifundisha kwamba umeme unabaki humo hata ukichomoa waya, unaweza kuua mtu. Nikamwambia nimeshazika watu wa kutosha. Chakula kikapoa mbele yetu. Halafu akasema, polepole: basi, twende kwa Buruhan.

Jumamosi, 21 Juni
Tumefika Mbarara na ampli na gita ya Nehemiya. Buruhan ni fundi redio, kibanda chake kiko karibu na msikiti. Zamani alikuwa akimtumia Nehemiya redio zilizomshinda.

Akawasha. Lampi zikawa nyekundu kama makaa. Sauti hakuna. Nehemiya alinishika mkono, vidole baridi.

Buruhan ametafuta asubuhi yote. Akaenda kuswali, akarudi, akatafuta tena. Kumbe ni mimi — nimeweka kipande cha mstari mwekundu fasi ya kile cha kahawia. Nikataka ardhi inimeze.

"Mama, kosa moja tu," Buruhan akasema. "Kazi ingine yote safi. Nani alikufundisha?"

Nikamwonyesha mume wangu.

"Huyu? Na haoni?"

"Yeye ndiye anaona," Nehemiya akasema. "Mimi niko na kumbukumbu tu."

Kipande kikabadilishwa. Nehemiya akapiga uzi mmoja wa gita. Sauti ikajaa kibanda chote, mpaka muuza chapati wa nje akageuka. Nehemiya hakupiga wa pili. Alikuwa analia.

Asanti Mungu. Asanti Anselme. Buruhan pia, nyumba yake ibarikiwe.

Jumapili, 29 Juni
Naandika ndani ya kanisa, nyuma ya karatasi ya kwaya. Leo Nehemiya amepiga gita mbele ya watu, na ampli yetu. Wimbo wa pili ulikuwa umeshika moto, wamama wanacheza — jenereta ikafa. Petroli imeisha. Shemasi amekimbilia Base Camp, kwenye maduka ya kambi, kutafuta.

Nimemwendea Nehemiya nimtoe kwenye kiti, asione aibu. Ameondoa mkono wangu. "Wacha."

Anaendelea kupiga. Gita ya umeme bila umeme — ni sauti ya mtu anayenong'ona. Hata mchungaji amekaa chini. Shemasi harudi. Watu wa nyuma kabisa hawasikii kitu, nawaona wanavyonyoosha shingo. Sasa wamesimama. Nimedhani wanaondoka. Hapana — wameshika mabenchi, wanayainua juu juu yasikwaruze sakafu, wanakuja mbele.